Kasi ya mwendo: saa na futi ya seremala vyatosha

Mtu hahitaji chombo cha gharama ili ajue kasi ya mwendo wake. Saa yenye kuhesabu sekunde na futi ya seremala vyatosha, na matokeo yaweza kuonya mapema juu ya afya ya mzee.

Mwaka 2011, jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 9 zilizohusisha watu 34,485 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Watafiti hao, wakiongozwa na Dakta Stephanie Studenski, walibaini kuwa waliotembea kwa kasi zaidi ndio waliotazamiwa kuishi muda mrefu zaidi.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Weka alama mbili sakafuni, umbali wa mita 4. Mzee atembee kwa mwendo wake wa kawaida, akiwa na mkongojo wake iwapo huutumia, wala asipunguze mwendo hadi aipite alama ya pili. Kisha gawanya mita kwa sekunde. Atakayetumia sekunde 4 ana kasi ya mita 1 kwa sekunde, sawa na kilomita 3.6 kwa saa. Wataalamu wa Ulaya wa maradhi ya misuli uzeeni huihesabu kasi isiyozidi mita 0.8, yaani sekunde 5 au zaidi, kuwa ya chini.

Je, simu ya mkononi haifai? Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga mawimbi ya satelaiti za GPS yatumiwayo na raia, usahihi wake umeongezeka mno. Hata hivyo, simu hukosea kwa takriban mita 5 mahali pa wazi, na zaidi kati ya majengo marefu. Kosa hilo ni dogo katika safari ya kilomita 5, lakini laharibu kabisa kipimo cha mita 4.

Mkimbiaji naye ana uwanja wa riadha, ambao mzunguko wake wa ndani ni mita 400. Anayeumaliza kwa dakika 2 anakwenda kilomita 12 kwa saa. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya, alipokimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, alitumia wastani wa sekunde 69 hivi kwa kila mita 400.

Kwa msikilizaji aliye ughaibuni, mjukuu aliyebaki nyumbani aweza kumpima bibi kila mwezi, ukumbini pale pale, na kutuma matokeo kwa simu. Sekunde zikizidi kuongezeka, bibi apelekwe kwa daktari kabla hajaanguka.