Mteja Asubiri kwa Muda Gani? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia haki ya mteja kujua bei kabla ya kuagiza. Leo tuingie kwenye muda, jambo linalowakosanisha sana wateja na wahudumu.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko yasiyopungua dakika 60. Ndani ya dakika hizo aende, aagize, ale, alipe na arudi kazini. Chakula kikichukua dakika 40 kufika mezani, ama ale mbio mbio ama achelewe. Ndiyo maana mama lishe hashindwi kirahisi saa ya mchana: wali, maharage, mchicha na samaki vimeshaiva, kazi iliyobaki ni kupakua.

Lakini si kila chakula husubiri kwenye sufuria. Chipsi mayai huhitaji kama dakika 10 hadi 15, mafuta yakiwa yameshachemka. Mbuzi wa kuchoma, ukitaka aive mpaka kwenye mfupa, huweza kukaa jikoni saa nzima, na kuku wa kienyeji huzidi hapo kama hakuchemshwa mapema. Kumharakisha mchomaji ni kujitafutia nyama mbichi.

Ninachokataa mimi ni kusubiri kusikohusiana na moto. Mtu amekaa dakika 10 hajasalimiwa. Ameshakula, bili haiji. Bili imekuja, chenji inatafutwa duka la jirani. Hapo hakuna kinachopikwa. Mteja asalimiwe ndani ya dakika 3, kinywaji kimfikie ndani ya 5 tangu akiagize, na bili isizidi 5 tangu aiombe.

Hata muda halali wa jiko unakadirika. Mwaka 1961, Mmarekani John Little alithibitisha kanuni moja nyepesi: kwa wastani, idadi ya wanaosubiri ni sawa na kasi ya wanaoingia ukizidisha kwa muda wa kusubiri. Jiko likihudumia oda 24 kwa saa, na zilizokutangulia ni 12, chako kitachukua kama nusu saa. Mhudumu anaweza kuhesabu karatasi za oda kabla ya kujibu "inakuja sasa hivi".

Jibu hilo ndilo linalokera kuliko saa yenyewe. Mwaka 1985, David Maister, aliyewahi kufundisha Harvard, aliandika kwamba kusubiri usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kule kulikowekewa kikomo, na kwamba asiye na la kufanya huona muda hausogei. Tazama birika la kunawa linapoletwa mapema mno. Mteja kanawa, mikono imekauka, hathubutu kushika simu wala gazeti, na nyama bado iko juu ya mkaa. Maji ya kunawa ni ahadi kwamba chakula kiko njiani. Yaletwe sahani ikiwa imeshapakuliwa.

Wenye migahawa, andikeni muda wa kuandaa kando ya bei kwenye menyu zenu. Nawe mteja, ukiwa na nusu saa tu, sema mapema na uulize kipi kimeshaiva. Sehemu ya tatu itahusu bakshishi.