Je, Wajua? Spika Yako Inakoroma kwa Noti Gani

Je, wajua kwamba sabufa inayokoroma Kamanga, Tanzania, hukoroma kwa noti ileile ya sabufa ya Kampala, Nairobi au Kigali? Umeme wa gridi wa nchi hizi zote ni wa hezi 50. Ukipita kwenye daiodi nne za pawasapulai, nusu zote mbili za kila mzunguko hulazwa upande mmoja, kwa hiyo mawimbi yanayobaki huwa 100 kwa sekunde. Marekani, wenye hezi 60, spika zao hukoroma kwa 120.

Wapiga besi wana kipimo kisichohitaji mita. Uzi mwembamba kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutoa hezi 98. Mkoromo ukikaribiana na uzi huo, shuku kapasita kubwa ya pawasapulai. Ukiwa oktavu moja chini yake, umeingia kwa mlango mwingine: waya wa sauti uliolazwa karibu na transfoma, au ngao ya waya huo imekatika.

Huna gitaa? Shusha sauti hadi sifuri. Mkoromo ukibaki palepale, chanzo kiko ndani ya boksi. Ukififia pamoja na muziki, unaingilia kwenye waya wa simu au redio uliochomeka.

Je, wajua umeme wa ndani ya amplifaya huyumba kiasi gani? Ikivuta ampea 1 kutoka kwenye kapasita ya mikrofaradi 4,700, volti hupanda na kushuka kwa takriban volti 2, mara 100 kila sekunde. Weka mikrofaradi 10,000 na kuyumba kunakuwa volti 1. Ndiyo maana ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuongeza kapasita, na si ushauri mbaya. Ila kapasita ikiwa kubwa, daiodi huijaza kwa mapigo mafupi yenye mkondo unaozidi ile ampea 1 mara kadhaa, na mapigo hayo hurudi kwa kupitia waya wa ethi. Hakuna waya usio na ukinzani, hata uwe mnene. Ukiunga ethi ya sauti kwenye kipande cha waya kilicho kati ya daiodi na kapasita, kila pigo linaacha volti kidogo pale, na amplifaya inaikuza bila kujua kwamba si muziki. Kwa maoni yangu, hapa ndipo pesa nyingi za kapasita zinapoteketea bure. Tiba ni mpango wa waya tu. Ethi ya daiodi iishie kwenye mguu hasi wa kapasita. Kutoka mguu huo utoke waya mmoja hadi nukta moja. Ethi za ingizo, za spika na za kasha zije kwenye nukta hiyo kila moja kwa waya wake. Na ule mguu wa ethi wa plagi ya ukutani usiukate kamwe ili kuua mkoromo. Upo kwa ajili ya uhai wako.

Je, wajua kwa nini amplifaya iliyotulia mchana huanza kukoroma jioni? Regyuleta ya 7812 hutoa volti 12, lakini inataka kama volti 2 zaidi upande wa kuingilia. Watu wakiwasha majiko na pasi, umeme wa ukutani ukashuka chini ya 230, mabonde ya yale mawimbi hugusa chini ya volti 14 na regyuleta haina tena cha kukata. Kwa hiyo mkoromo unapita.

Regyuleta nyingine, LM317, ni kazi ya Bob Dobkin wa National Semiconductor, miaka ya 1970. Ongeza kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wake wa kurekebishia na ethi, na uwezo wake wa kufuta mawimbi hupanda kutoka takriban mara 1,800 hadi mara 10,000. Kapasita hiyo haifiki bei ya soda.

Kwa saketi ya maikrofoni inayovuta miliampea 20, rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 1,000 hupunguza mawimbi ya hezi 100 zaidi ya mara 60. Gharama yake ni volti 2. Ukijaribu mchezo huo kwenye sabufa ya ampea 1, rezista peke yake itadai volti 100.

Je, wajua kwamba kwenye gari, mlio wa alteneta hupanda kadiri unavyokanyaga mafuta? Dereva anayesubiri kivuko cha Kamanga akizima injini na mlio ukaondoka, mwizi ni alteneta, si redio. Betri iliyo peke yake haina mawimbi ya kukoroma.

Ndiyo maana nashangaa ninapoona mtu wa sola anapandisha volti 12 za betri hadi 230 kwa inveta, kisha anazishusha tena hadi 12 kwa adapta ili kuwasha amplifaya ndogo. Inveta za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi-ngazi, na kila ngazi huongeza mngurumo mkali. Unga amplifaya moja kwa moja kwenye betri, kwa fyuzi. Ukisikia mlio mchana jua kali na betri inakaribia kujaa, halafu usiku kimya, kontrola ya sola ndiyo inayokata na kuunga mkondo.

Adapta za kisasa hukata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, juu ya hezi 20,000 ambazo ndizo kikomo cha sikio la binadamu. Spika haisemi kitu, redio ya AM inapiga kelele. Taa nyingi za LED zina tabia hiyohiyo. Sogeza redio mbali nazo.

Je, wajua kwamba kapasita ya maji (elektroliti) hukauka, na kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu? Isimame mbali na chuma cha kupozea. Iliyovimba kichwani badilisha, lakini kwanza chomoa plagi na uimalize chaji kwa rezista, si kwa bisibisi.