Migodi ya Kale (4): Magofu ya Preston na Wachimbaji Waliofungwa kwa Sheria

Tarehe 30 Septemba 2024 Uingereza ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar. Wengi walishangilia hewa safi, na wana haki. Lakini ukurasa huo usifungwe kabla hatujafika Preston Island, Uskoti, kwenye hori ya mto Forth, ambako magofu ya mgodi mdogo yanalindwa kisheria.

Tumekwisha kuona jinsi makaa na chumvi vilivyotegemeana pwani ile: makaa mazuri yaliuzwa, chenga zikachemshia maji ya bahari. Hapo Preston, Sir Robert Preston alianza kuchimba mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1811 gesi ililipuka shimoni, ikaua wachimbaji. Uchimbaji ukakoma, chumvi ikaendelea kupikwa.

Miaka hiyo ina uzito. Tangu 1606, sheria ya Uskoti ilimzuia mchimba makaa, mbebaji na mpika chumvi kuajiriwa kwingine bila hati ya bwana wake. Aliyetoroka alirudishwa na kuadhibiwa kama mwizi. Mwaka 1701 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kuwakinga watu na vifungo vya dhuluma, likawaacha nje wachimbaji na wapika chumvi. Tajiri akilindwa na mnyonge akiachwa, hiyo si haki hata ikipigwa mhuri. Sheria ya 1775 iliwafungua kidogo kidogo, tena kwa masharti. Ya 1799 ndiyo iliyowaweka huru wote. Basi kuta za Preston zilipojengwa, uhuru huo ulikuwa bado mchanga. Hata hivyo, katika migodi ya mashariki ya Uskoti wanawake na wasichana waliendelea kupanda ngazi na makaa mgongoni, hadi sheria ya 1842 ilipowakataza kufanya kazi chini ya ardhi.

Leo Preston si kisiwa tena. Majivu ya kituo cha umeme cha Longannet, kilichofungwa 2016, yalimwagwa kuizunguka hadi ikaungana na bara. Majengo ya mawe yamebaki, na kuyaharibu ni kosa. Vema, ila kulinda mawe na kuwasahau watu ni nusu ya kazi. Kifungo kile kilidumu miaka 193. Yeyote anayefundisha historia ya makaa ya Uskoti ana wajibu wa kuanzia hapo.