Jinsi mkutubi wa chuo kikuu anavyoweza kuomba fedha za kompyuta na akasikizwa

FOLENI ya wanafunzi mbele ya kompyuta chache ni jambo la kawaida katika maktaba nyingi za vyuo vikuu nchini, hasa majuma ya mwisho ya muhula. Mwanafunzi anayeandika tasnifu hufika saa mbili asubuhi, akakuta mashine zote zimeshikwa, akasubiri hadi saa tano, kisha akaondoka kuelekea saiba ya mtaani ambako atalipia kila dakika.

Mkutubi mkuu huiona foleni hiyo na huandikia uongozi barua kuomba fedha. Jibu analopata halibadiliki: hakuna pesa.

Ni kweli kwamba pesa ni haba. Hata hivyo, zile chache zilizopo humwendea mtu, na aghalabu humwendea yule ambaye ombi lake lilifika mapema likiwa na hesabu kamili. Maombi ya maktaba hukataliwa mara nyingi kwa sababu yameandikwa kama malalamiko, ilhali kamati ya bajeti hugawa fedha kwa kutazama hesabu.

Jambo la kwanza ni wakati. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Kwa mujibu wa Katiba, makadirio ya matumizi ya serikali ya kitaifa hufikishwa katika Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka huo kuisha, yaani kufikia Aprili 30. Vyuo vya umma hulazimika kukusanya mahitaji ya idara zao miezi kadhaa kabla ya hapo. Mkutubi anayeandika barua mwezi wa Mei anaomba nafasi katika gari ambalo limekwisha kuondoka.

Isitoshe, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, katika kifungu cha 53, inataka kila taasisi ya umma iwe na mpango wa ununuzi wa mwaka, na inazuia ununuzi kuanzishwa kabla ya fedha kutengwa. Kompyuta ambazo hazimo katika mpango huo haziwezi kununuliwa kwa urahisi, hata kama Naibu Chansela mwenyewe anaunga mkono. Vyuo vya kibinafsi havifungwi na sheria hiyo kwa namna hiyo, lakini navyo vina kalenda zao, na busara ni kuzijua.

Jambo la pili, ambalo ndilo kiini, ni hesabu. Kauli kwamba "kompyuta hazitoshi" haina uzito mbele ya kamati. Chukua mfano wa maktaba iliyo na kompyuta 40 za wasomaji, 11 kati yazo zikiwa zimeharibika, katika bewa la wanafunzi 6,000. Ikifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tatu usiku, mashine 29 zilizo nzima hutoa jumla ya saa 377 kwa siku. Zikigawanywa sawa, kila mwanafunzi anapata dakika zisizofika nne. Hata zote 40 zingefanya kazi, angepata dakika tano na ushei.

Hesabu kama hiyo haihitaji mtaalamu. Wahudumu wa zamu wanaweza kuhesabu kila saa, kwa wiki mbili, ni mashine ngapi zinatumika, ni watu wangapi wanasubiri na ni wangapi wameondoka bila kuhudumiwa. Wiki moja iwe ya katikati ya muhula na nyingine iwe karibu na mitihani, ili asiwepo wa kudai kwamba msongamano uliteuliwa makusudi. Idadi ya walioondoka ndiyo muhimu zaidi, na ndiyo ambayo maktaba nyingi hazijawahi kuiandika popote.

Hapa pana mtego ambao wakutubi wengi huusahau. Mashine mbovu zilizorundikwa katika chumba cha nyuma bado zimo katika rejista ya mali. Afisa wa fedha akiifungua rejista hiyo, haoni 29. Anaona 40, na pengine 55 akijumlisha zile za zamani kabisa. Kwake yeye maktaba ina kompyuta tele. Kwa hiyo kabla ya kuomba mpya, zile zilizokufa ziondolewe kwa utaratibu. Sheria iyo hiyo ya 2015 inaagiza kuwepo kwa kamati ya kushughulikia mali isiyohitajika tena, ambayo inaweza kupendekeza ipewe taasisi nyingine ya umma, ipigwe mnada au itupwe kwa njia salama. Taka za kielektroniki hazifai kuchomwa nyuma ya jikoni la chuo. Zipelekwe kwa wanaoshughulikia taka hizo kwa leseni ya NEMA.

Je, wanafunzi hawana simu na vipakatalishi? Swali hili litaulizwa, na ni la haki. Simu inatosha kusoma makala moja au kutafuta kitabu katika orodha ya maktaba. Haitoshi kuandika tasnifu ya kurasa 80, kuchanganua takwimu, au kulinganisha majedwali kutoka majarida matatu kwa wakati mmoja. Tena, mwenye kipakatalishi chake si yule anayepanga foleni. Anayepanga foleni ni mwanafunzi ambaye mkopo wake wa elimu umeishia katika karo na chakula. Ombi lisiposema hivyo waziwazi, kamati itadhani maktaba inawaombea watu ambao tayari wanacho.

Hoja nzito kuliko zote, ajabu ni kwamba huandikwa kwa nadra. Vyuo vyetu tayari hulipia majarida ya kielektroniki. Muungano wa maktaba unaojulikana kama KLISC, ulioundwa mwaka wa 2003, huwezesha vyuo kuchanga pamoja na kupata makala za kitaaluma ambazo chuo kimoja peke yake kisingezimudu. KENET nayo, iliyoanzishwa mwaka wa 1999, huviunganisha vyuo na mtandao wa kasi. Ada hizo hulipwa kila mwaka, msomaji awe na mashine ya kufungulia makala hizo au asiwe nayo. Mkutubi aweke kando kando gharama ya usajili na idadi ya makala zilizosomwa. Kamati itaona wenyewe kwamba pesa zilizokwisha kutumika zinalala bure kwa kukosa kifaa cha mwisho.

Mashine zenyewe zisiombwe kwa jumla. Ya kutafutia vitabu katika orodha haihitaji nguvu nyingi, hata kuukuu yaweza kufaa. Ya mtafiti inahitaji kumbukumbu kubwa. Seva inayobeba programu ya maktaba ni suala jingine kabisa: programu ya Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka wa 2000, haina ada ya leseni, lakini inahitaji mashine imara na mtu wa kuitunza. Vivyo hivyo, programu ya NVDA inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona haiuzwi, ila inahitaji kompyuta yenye vipokea sauti na meza inayofikika. Ibara ya 54 ya Katiba inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu na kupata vifaa vya kuwasaidia, hivyo mashine hizo zisiachwe kuwa nyongeza ya mwisho inayofutwa bajeti ikipunguzwa.

Katika kueleza sifa za mashine, jina la kampuni lisitajwe. Sheria ya ununuzi, kifungu cha 60, inataka sifa zielezwe kwa utendaji wala si kwa chapa ya mtengenezaji. Badala yake ombi litaje ukubwa wa kumbukumbu, aina ya hifadhi, muda wa dhamana na programu ambazo mashine lazima iweze kuendesha. Suala la programu si dogo. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama mnamo Oktoba 14, 2025, na nyingi ya kompyuta zilizoundwa kabla ya 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Maktaba yenye mashine hizo ina sababu halali ya kuomba, au ihamie Linux na kueleza ni nani atakayeisimamia.

Kisha kuna gharama zinazofuata ununuzi: betri ya UPS, soketi, nyaya za mtandao, meza, kufuli na wino wa printa. Bei inayotajwa bila kodi ya VAT ya asilimia 16 huvuruga hesabu yote, na ombi la kompyuta 30 huishia kuleta 25. Afisa wa ununuzi na wataalamu wa teknolojia wa chuo waonyeshwe rasimu mapema. Wakiliona ombi kwa mara ya kwanza katika kikao, watalitafutia kasoro.

Misaada ya kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo ipokewe kwa tahadhari. Mashine 50 za bure zenye umri wa miaka saba zaweza kuleta gharama za ukarabati, kisha zikarudi katika kile chumba cha nyuma, na kuongeza idadi katika rejista.

Ni afadhali pia kuomba robo ya mashine kila mwaka kuliko zote kwa pamoja. Zilizonunuliwa siku moja huchakaa msimu mmoja, na chuo hurudi kilikoanzia. Mpango kama huo wa miaka minne uandikwe wazi, kwa kuwa kifungu cha 54 kinapiga marufuku kugawa ununuzi vipande ili kukwepa taratibu za zabuni, na hakuna mkutubi anayetaka kujieleza mbele ya wakaguzi.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja, takwimu zikiambatishwa. Sentensi ya kwanza itaje idadi, gharama na watakaonufaika. Itaje pia kitakachofanyika iwapo nusu tu ya fedha itatolewa: ni mashine zipi zitatangulia, na saa ngapi za huduma zitaongezeka. Barua ya mkuu wa kitivo kimoja au viwili ikiandamana nayo, ombi halitakuwa la maktaba pekee.

Likikataliwa, faili isifungwe. Hesabu ya foleni irudiwe muhula unaofuata kwa njia ile ile, ili mwaka mwingine kamati ilinganishe walioondoka bila kuhudumiwa wakati huo na sasa.