Kufunguliwa Upya kwa Anga Wakati wa Janga la Korona: Funzo la Kenya na Tanzania

Utangulizi

Tarehe 25 Machi 2020, saa sita usiku, Kenya ilisimamisha safari zote za kimataifa za ndege za abiria. Ndege za mizigo pekee ndizo zilizoruhusiwa kuendelea na kazi. Zilikuwa zimepita siku 12 tu tangu Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, atangaze kisa cha kwanza cha korona nchini. Anga lilibaki limefungwa hadi tarehe 1 Agosti 2020, ndege ya Kenya Airways ilipopaa kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta kuelekea London.

Mengi yameandikwa kuhusu kufungwa huko. Namna anga lilivyofunguliwa haijajadiliwa sana, ilhali hapo ndipo penye funzo kubwa zaidi kwetu sisi Waafrika Mashariki. Makala hii inakusudia kueleza misingi ya kufunguliwa kwa usafiri wa anga wakati wa janga, masharti yaliyowekwa, na mgogoro uliozuka baina ya Kenya na Tanzania kati ya Agosti na Septemba 2020. Hoja yetu ni kwamba nchi moja inaweza kufunga anga peke yake kwa amri, lakini haiwezi kulifungua peke yake. Kufungua kunahitaji kuaminiana.

Misingi ya Kisheria

Usafiri wa anga duniani unatawaliwa na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kifungu cha kwanza cha mkataba huo kinatambua kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Kifungu cha 6 kinaeleza kuwa safari za kawaida za kimataifa haziwezi kufanywa juu ya nchi au kuingia humo bila ya idhini yake. Kwa hivyo, ndege itokayo Nairobi kwenda Dar es Salaam huruka kwa ridhaa ya serikali mbili. Mmoja akiondoa ridhaa yake, safari hufa, hata kama mwenzake ameacha mlango wazi.

Kwa upande wa afya, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zinaongozwa na Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005. Kifungu cha 43 kinaziruhusu nchi kuchukua hatua za ziada za kujikinga, mradi hatua hizo zisizuie usafiri kupita kiasi kinachohitajika na ziwe na msingi wa kisayansi. Nchi inayotatiza usafiri kwa kiasi kikubwa hutakiwa kulieleza shirika hilo hatua ilizochukua na sababu zake za kiafya katika muda wa saa 48. Maneno haya ni mazuri karatasini. Hata hivyo, janga lilipotanda, kila serikali ilitazama kwanza watu wake na hospitali zake.

Sababu za Kufunga na za Kufungua

Sababu ya kufunga ilikuwa wazi. Ugonjwa ulikuja kwa ndege. Mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini Kenya alikuwa msafiri aliyerejea kutoka Marekani kupitia London mapema mwezi Machi. Hata kabla ya hapo, mwishoni mwa Februari, kutua kwa ndege iliyobeba abiria 239 kutoka China kulizua malalamiko makubwa, na Mahakama Kuu ikaamuru safari kutoka nchi hiyo zisimamishwe kwa muda. Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walisema, na wananchi wengi waliona kuwa serikali ilikuwa imechelewa kutahadhari.

Sababu za kufungua nazo hazikuwa za anasa. Utalii wa Kenya hutegemea sana wageni wafikao kwa ndege. Mwaka 2019 nchi ilipokea wageni zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 idadi hiyo ilishuka hadi chini ya 600,000. Nyuma ya tarakimu hizo wamo wapishi wa hoteli za Pwani, madereva wa magari ya watalii, wachonga vinyago na wauza vitenge. Shirika la Kenya Airways lilipata hasara ya shilingi bilioni 36.2 mwaka huo. Aidha, sehemu kubwa ya maua na mboga zetu husafirishwa chini ya sakafu ya ndege za abiria, pamoja na mizigo ya wasafiri. Ndege hizo ziliposimama, nafasi ya mizigo ilipungua na gharama ikapanda, ingawa anga lilikuwa wazi kwa shehena.

Kwa hivyo, swali lililoikabili serikali katikati ya mwaka 2020 halikuwa kama anga lifunguliwe au lisifunguliwe. Lilikuwa swali la nani aruhusiwe kuingia, na kwa ushahidi gani.

Masharti ya Msafiri

Tarehe 6 Julai 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba safari za ndege za ndani zingerejea tarehe 15 Julai na zile za kimataifa tarehe 1 Agosti. Masharti yaliyofuata yalimtaka msafiri awe na cheti cha kipimo cha PCR kilichoonyesha kuwa hana virusi, kipimo hicho kiwe kimefanywa katika muda wa saa 96 kabla ya safari, joto la mwili lisizidi nyuzi 37.5, na asiwe na kikohozi wala dalili nyingine za mafua.

Yafaa tueleze uwezo na udhaifu wa masharti haya. Kipimo cha PCR hutafuta chembechembe za virusi katika sampuli ya puani au kooni. Kinaeleza hali ya mtu wakati sampuli ilipochukuliwa. Hakielezi kilichompata baadaye, garini au sokoni alipokuwa akinunua zawadi za kubeba. Tena virusi vya korona vinaweza kukaa mwilini siku kadhaa, hata hadi 14, kabla ya dalili kujitokeza. Mtu aliyeambukizwa jana angeweza kupimwa leo akaonekana mzima. Kupima joto kulikuwa na udhaifu zaidi, kwa sababu wapo waliobeba ugonjwa bila ya homa.

Njia ya uhakika zaidi ilikuwa karantini ya siku 14. Neno hili lina historia yake: asili yake ni neno la Kiitalia lenye maana ya arobaini, kwa kuwa mabaharia waliofika Venice zamani wakati wa tauni walizuiliwa kwa siku 40. Hata mwambao wetu unaujua utaratibu huo. Kisiwa cha Changuu, karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, kiliwahi kuwa kituo cha kuzuilia wasafiri wa vyombo vya baharini kwa hofu ya homa ya manjano. Lakini karantini huua biashara na utalii, kwani mgeni wa wiki moja hawezi kufungiwa wiki mbili. Ndiyo maana cheti kilichukua nafasi yake. Cheti nacho, kama vile cheti cha chanjo ya homa ya manjano tulichokizoea, kina thamani ikiwa tu anayekipokea anamwamini aliyekitoa.

Orodha na Mgogoro

Hapa ndipo Kenya na Tanzania zilipogongana. Tanzania ilikuwa imechukua njia yake. Ilikoma kutoa takwimu za ugonjwa tangu mwisho wa Aprili 2020, na tarehe 18 Mei ikafungua anga lake na kuondoa karantini kwa wageni. Kenya iliendelea kutangaza visa vipya kila siku. Mwezi huo huo wa Mei, madereva wa malori walikwama mpakani Namanga, kila upande ukitilia shaka vipimo vya mwenzake.

Mwishoni mwa Julai, Kenya ilitoa orodha ya nchi 11 ambazo wasafiri wake wangeruhusiwa kuingia bila ya karantini. Rwanda, Uganda na Ethiopia zilikuwamo. Tanzania haikuwamo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Tanzania ikajibu kwa kuondoa idhini ya Kenya Airways kuruka kwenda Dar es Salaam, Kilimanjaro na Zanzibar kuanzia tarehe 1 Agosti, ikitaja kanuni ya kutendeana sawa. Orodha ya Kenya ikaongezwa hadi ikapita nchi 100, na bado jirani hakutajwa. Tarehe 25 Agosti, Tanzania ikayazuia mashirika mengine matatu ya Kenya: Fly540, Safarilink na AirKenya Express. Hatimaye, tarehe 15 Septemba, Kenya iliiingiza Tanzania katika orodha yake, na kesho yake Tanzania ikaondoa marufuku kwa mashirika yote manne.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Kwa siku 46 mfanyabiashara wa Kariakoo, mgonjwa aliyetazamia matibabu Nairobi na mtalii aliyepanga kutoka Maasai Mara kwenda Zanzibar walilipia ugomvi usiokuwa wao. Ni vyema tuseme haki pande zote mbili. Kenya ilikuwa na sababu ya kusita, kwani si rahisi kupima hatari ya nchi isiyotoa takwimu. Tanzania nayo ilikuwa na sababu ya kuhisi imetengwa, kwani orodha ilitolewa kwa ufafanuzi mchache kuhusu vigezo vyake. Tena, kama vigezo vilikuwa vya kitabibu tu, yafaa kuuliza ni nini kilichobadilika kitabibu usiku wa tarehe 15 Septemba. Takwimu hazikuwa zimeanza kutolewa. Kilichobadilika ni nia ya kusikilizana.

Mkuki kwa Nguruwe

Haukupita mwaka kabla ya Kenya kuonja dawa hiyo. Mapema Aprili 2021, Uingereza ilitangaza kuiingiza Kenya katika orodha yake nyekundu kuanzia tarehe 9 mwezi huo. Mwingereza au mkaazi wa Uingereza aliyetoka Kenya alilazimika kukaa siku 10 katika hoteli ya karantini kwa gharama ya pauni 1,750. Wengine hawakuruhusiwa kuingia kabisa. Serikali ya Kenya ililalamika kwamba uamuzi huo ulikuwa wa ubaguzi, nayo ikawawekea masharti wasafiri kutoka Uingereza. Kenya iliondolewa katika orodha hiyo tarehe 22 Septemba 2021. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Afrika Kusini nayo ilipatwa na yayo hayo. Novemba 2021 wanasayansi wake waliutangazia ulimwengu aina mpya ya virusi iliyoitwa Omicron. Badala ya shukrani, nchi nyingi zilizifungia safari nchi za kusini mwa Afrika. Jambo hili lina hatari yake. Iwapo asemaye ukweli huadhibiwa na anyamazaye huachwa, ni nani atakayesema katika janga lijalo?

Nafasi ya Kiswahili

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili. Yanamhusu sana. Masharti ya kusafiri yalikuwa maarifa ya uhai, na sehemu kubwa yake ilitolewa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Janga lilituzoeza maneno kama barakoa na karantini, na Tanzania ikaupa ugonjwa wenyewe jina la UVIKO-19. Lakini msamiati peke yake hautoshi. Mataifa mawili yaliyozozana yanazungumza lugha moja, na bado hayakuelewana. Wajibu wa wasomi wa lugha hii ni kuandaa mapema matangazo, fomu na istilahi za afya zinazofahamika pande zote za mpaka, ili siku ya dhiki tusianze kubuni maneno viwanja vya ndege vikiwa vimekwisha kufungwa.

Hitimisho

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona haikuwa tena dharura ya kimataifa. Vyeti vya PCR vimetoweka mikononi mwa wasafiri, na orodha zimesahaulika. Hata hivyo, majanga mengine yatakuja. Makubaliano kuhusu vipimo, takwimu na vigezo vya orodha hayana budi kufanywa wakati huu wa utulivu, nchi za Afrika Mashariki zikiwa zimeketi pamoja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga moja, hata iwe kavu namna gani, haiwashi moto.