Kabla ya masika, kagua shokapu za gari linalobeba mama na mtoto

Pwani. Safari ya kutoka vijiji vya Gwata, upande wa Kibaha na ule wa Kisarawe, haipimwi kwa kilomita tu. Hupimwa pia kwa mashimo, makorongo na vile vijituta vilivyojipanga kama migongo ya bati. Kwa kijana mwenye afya, huo ni usumbufu wa njiani. Kwa mjamzito aliyeshikwa na uchungu, mama mwenye kidonda cha upasuaji au mtoto mchanga, kila gari linaporuka ni maumivu.

Magari yanayowabeba si ya wagonjwa peke yake. Mfumo wa m-mama, unaopatikana kwa kupiga 115 bila malipo, huwatumia pia madereva wa jamii pale gari la wagonjwa linapokosekana. Usiku wa dharura, gari la baba mwenye nyumba au la jirani linaweza kuwa ndilo la kumfikisha mama Mlandizi au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi. Kwa hiyo shokapu, ambazo wengine huziita shokomzoba, ni suala la familia na si la fundi peke yake.

Mwili unavyoupokea mtikisiko

Mtikisiko wa juu na chini unaojirudia takribani mara 4 hadi 8 kwa sekunde ndio unaomsumbua zaidi mtu aliyekaa, hasa uti wa mgongo na viungo vya tumboni. Ndiyo maana dereva wa njia mbovu hulalamikia kiuno.

Kwa wajawazito, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1992 inawataka waajiri wapime hatari ya mishtuko na mitikisiko kazini. Hata hivyo, hiyo inahusu kazi ya kila siku, si safari moja ya kwenda kliniki. Mimba changa zinazoharibika, nyingi chanzo chake ni hitilafu za kromosomu, si barabara. Mjamzito anayetokwa na damu au maji, mwenye maumivu makali, kichwa kinachouma sana au anayeona mtoto amepunguza kucheza, asiahirishe safari kwa kuogopa mashimo. Kuchelewa ni hatari kubwa kuliko kutikiswa.

Shokapu haibebi uzito

Wengi hudhani gari likilala nyuma, dawa ni shokapu mpya. Kazi ya kubeba uzito ni ya springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi: ndani yake pistoni husukuma mafuta yapite kwenye matundu madogo, na nguvu ya mrusho hugeuka kuwa joto. Bila shokapu nzima, gari likipita shimo moja huendelea kubembea, na tairi huachia ardhi. Tairi lililo hewani halishiki breki wala usukani.

Joto hilo ndilo adui kwenye barabara za vumbi. Vijituta vikiichapa shokapu kwa muda mrefu, mafuta huchemka na kutoa povu, na shokapu hulegea safari ikiwa bado mbichi. Zenye gesi ya naitrojeni hupunguza povu hilo, hivyo huwafaa zaidi wanaopita njia ya vumbi kila siku.

Ngumu si imara

Kosa linaloigharimu familia ni kununua shokapu ngumu kuliko zote dukani kwa kuamini ndiyo imara. Land Cruiser aina ya mkonga hutengenezwa kubeba mzigo mzito. Ukilifunga springi na shokapu za mzigo, kisha ukambeba mama mmoja na ndugu wawili, gari halitazama hata kidogo, na kila jiwe litafika mgongoni kwa mgonjwa. Swali la kwanza la kumjibu muuza vipuri ni hili: siku nyingi gari hili hubeba nini? Watu watano na mabegi, au magunia na matofali?

La pili ni aina ya bomba. Shokapu za bomba mbili ni nafuu, na ganda la nje likibonyezwa na jiwe, mara nyingi pistoni huendelea kutembea. Za bomba moja hupoa haraka na hutulia vizuri kwenye mwendo mrefu, lakini bomba likibonyea pistoni inaweza kukwama. Kwa gari la nyumbani linalopita njia ya udongo mara chache kwa wiki, bomba mbili zenye gesi zinatosha.

La tatu ni urefu. Gari lililonyanyuliwa kwa springi ndefu linahitaji shokapu ndefu zinazolingana nazo. Fupi hufika mwisho wake na kukatika.

Nunua mbili kwa pamoja, kulia na kushoto za ekseli moja, na ubadilishe bushi zilizochoka. Epuka zilizotumika: huwezi kuona hali ya mafuta na vali zilizo ndani. Kwenye maduka ya Kariakoo na Ilala, nenda na namba ya chesesi ya gari, dai risiti, na uitilie shaka bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine.

Utajuaje zimekwisha?

Angalia mafuta yanayovuja kwenye bomba, tairi lililolika kwa mabaka, na pua ya gari kuinama sana unaposhika breki. Bonyeza kona moja ya gari kisha achia: ikipanda na kutulia ni dalili njema, ikiendelea kubembea imechoka. Kwa magari mazito kipimo hicho hakitoshi. Baada ya safari ya vumbi, fundi akisogeza mkono karibu na kila shokapu, ile iliyobaki baridi wakati wenzake ni za moto huenda haifanyi kazi.

Nani akae wapi

Shokapu nzuri bado zinahitaji dereva mpole. Upepo wa tairi usizidi kipimo cha mtengenezaji, kwa sababu tairi lililojaa kupita kiasi hudunda. Siti za kati, zilizo baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndizo zinazorushwa kidogo. Mjamzito na watoto wakae hapo, si kwenye benchi la nyuma kabisa. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Mjamzito anayelazwa alale ubavu wa kushoto. Mtoto mchanga asipakatwe siti ya mbele.

Masika huanza Machi. Mvua zikishafika, shimo hujificha chini ya maji na dereva hulijua akiwa ndani yake. Februari ndio mwezi mzuri wa kulipeleka gari gereji, kabla simu ya usiku haijalia.