Kosa la Zamani, Adhabu Mpya: Upinzani wa Umma dhidi ya Kifungu cha Kashfa ya Mtandaoni nchini Ufilipino na Mafunzo Yake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua upinzani wa umma ulioikabili Sheria ya Ufilipino ya Kuzuia Makosa ya Mtandao ya mwaka 2012, hususani kifungu kinachoifanya kashfa ya mtandaoni kuwa kosa la jinai. Hoja kuu ni kwamba hatari ya kifungu hicho haikuwa katika maneno yake machache, bali katika yale yaliyoazimwa kutoka sheria ya zamani na kuongezewa uzito bila mjadala. Upinzani ulifaulu kuondoa sehemu zilizoonekana waziwazi, lakini kiini cha kifungu kilibaki, na baadhi ya athari zake zilirekebishwa na mahakama baada ya zaidi ya miaka 10. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha jinsi tatizo hilo linavyojitokeza katika Afrika Mashariki, pamoja na maswali ambayo mshauri wa sera anapaswa kuyauliza mapema.

Maneno muhimu: kashfa ya mtandaoni, uhuru wa kujieleza, jinai, Ufilipino, utungaji wa sheria

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Septemba 2012 Rais Benigno Aquino III wa Ufilipino alitia saini Sheria ya Jamhuri Na. 10175. Kwa sehemu kubwa sheria hiyo ilihitajika. Ilikataza kuingia katika mifumo ya kompyuta bila idhini, wizi wa utambulisho, ughushi na ulaghai wa kompyuta, pamoja na ponografia ya watoto. Haya ni mambo ambayo ni wachache wangeyapinga.

Hata hivyo, sheria ilipokaribia kuanza kutumika tarehe 3 Oktoba, nchi ilikuwa tayari imechemka. Watumiaji wengi wa Facebook waliondoa picha zao na kuweka rangi nyeusi. Wadukuzi walivuruga tovuti kadhaa za serikali. Wanahabari, wanablogu, wanafunzi na wanasheria waliandamana hadi Mahakama ya Juu jijini Manila, na jumla ya maombi 15 ya kuipinga sheria hiyo yalifikishwa mbele ya mahakama hiyo. Tarehe 9 Oktoba, majuma machache tu baada ya saini ya Rais, mahakama ilitoa amri ya kuisimamisha sheria kwa siku 120. Mnamo Februari 2013 amri hiyo iliongezwa muda hadi mahakama itakapoamua vinginevyo.

Ni rahisi kulisimulia tukio hili kama ushindi wa umma. Makala haya yanashikilia kwamba lilikuwa ushindi nusu, na kwamba nusu iliyopotea ndiyo yenye mafunzo zaidi kwa wanaoshauri serikali na mabunge.

2.0 Jinsi Kifungu Kilivyoingia

Kifungu cha kashfa kiliingizwa wakati mswada ukijadiliwa katika Seneti mnamo Januari 2012, kwa pendekezo la Seneta Vicente Sotto III. Mswada ulipopigiwa kura, seneta mmoja tu, Teofisto Guingona III, aliukataa. Baadaye yeye mwenyewe aliwasilisha ombi mahakamani. Umma ulipokasirika, baadhi ya maseneta waliouunga mkono mswada walikiri kwamba kifungu hicho kiliwaponyoka, na wakaahidi kukirekebisha.

Miezi kadhaa baada ya mswada kupita Seneti, Sotto alishutumiwa vikali mtandaoni kwa kunakili maandishi ya mwanablogu wa Marekani katika hotuba zake kuhusu afya ya uzazi. Watu wengi walihitimisha kwamba kifungu cha kashfa kilikuwa kisasi chake. Mfuatano wa tarehe hauungi mkono hitimisho hilo, kwa kuwa pendekezo lake lilitangulia shutuma hizo. Lakini dhana yenyewe ina funzo: kifungu kinachopenyezwa bila mjadala hukosa maelezo ya umma, na mahali palipokosa maelezo hujazwa na tuhuma.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala wa wazi ungelileta mezani. Mnamo Oktoba 2011 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imetoa maoni yake katika shauri la Alexander Adonis, mtangazaji wa redio aliyefungwa nchini Ufilipino kwa kashfa. Kamati iliona kwamba adhabu hiyo ya kifungo haikupatana na ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Miezi mitatu baadaye Seneti ilichukua njia iliyo kinyume.

3.0 Kilichoazimwa na Kilichoongezwa

Kifungu chenyewe ni kifupi. Kinasema tu kwamba kashfa iliyoelezwa katika ibara ya 355 ya Kanuni ya Adhabu ni kosa pia ikitendwa kupitia mfumo wa kompyuta. Msomaji wa haraka ataona kwamba hakuna jipya. Lakini kuirejelea sheria nyingine ni kuibeba pamoja na mizigo yake yote. Kanuni ya Adhabu ya Ufilipino ni ya mwaka 1930, na ilitungwa wakati nchi ikiwa chini ya utawala wa Marekani. Kwa mujibu wake, kila kauli inayomvunjia mtu heshima huchukuliwa kuwa imetolewa kwa nia mbaya, hata ikiwa ni ya kweli, mpaka mtoa kauli aonyeshe nia njema na sababu ya haki. Kwa jumla, ukweli peke yake haumwokoi mshtakiwa. Kosa linaweza kutendwa dhidi ya kampuni, na hata dhidi ya kumbukumbu ya marehemu.

Hapa msamiati wetu unatusaidia kufikiri. Neno kashfa lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kufunua. Aliyekashifiwa ni mtu ambaye jambo lake la aibu limewekwa wazi, na neno halisemi kama jambo hilo ni la kweli au la uongo. Kwa uongo tuna maneno mengine: masingizio, uzushi. Sheria ya Ufilipino inaadhibu kashfa katika maana hii pana, ilhali wengi walioitetea waliieleza kana kwamba inaadhibu masingizio tu. Tofauti hiyo si ya kinahau. Mwandishi anayefichua ubadhirifu wa kweli anakashifu lakini hasingizii.

Kilichoongezwa kilikuwa adhabu. Kifungu cha 6 kiliamuru kwamba kosa lolote la Kanuni ya Adhabu likitendwa kwa kutumia teknolojia ya habari, adhabu yake ipande daraja moja. Kashfa ya gazetini ilikuwa na kifungo kisichozidi miaka 4 na miezi 2. Kashfa hiyohiyo ikiwekwa mtandaoni, kifungo kingeweza kufika miaka 8. Ongezeko hilo lilikuwa na athari isiyoonekana mara moja: nchini Ufilipino, mtu aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miaka 6 hawezi kuruhusiwa kutumikia adhabu nje ya gereza chini ya uangalizi. Kwa njia hiyo mwanafunzi mwenye simu aliwekwa katika hatari kubwa kuliko mhariri wa gazeti.

4.0 Uamuzi wa Mwaka 2014

Mnamo Februari 2014 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika shauri la Disini, lililopewa jina la mmoja wa waombaji, mhadhiri wa sheria. Mahakama ilibatilisha mamlaka ya Wizara ya Sheria ya kuzuia maudhui bila amri ya mahakama, pamoja na mamlaka ya kukusanya data za mawasiliano papo kwa papo. Ilizuia mtu kushtakiwa mara mbili, kwa sheria ya zamani na kwa mpya, kwa kashfa ileile. Kadhalika iliamua kwamba anayehusika na kashfa ni mwandishi wa kwanza tu, na si yule anayepokea ujumbe na kuupenda au kuujibu. Haya yote ni mambo ambayo waandamanaji waliyabeba katika mabango yao.

Lakini kosa lenyewe lilibaki, na adhabu iliyopandishwa ikabaki. Sababu ya walio wengi ilikuwa na mashiko: kashfa si kauli inayolindwa na katiba, na mtandao hueneza madhara kwa kasi na kwa upana usio na kifani. Jaji Mkuu Maria Lourdes Sereno hakukubaliana kuhusu adhabu. Jaji Marvic Leonen alitaka kosa lote liondolewe.

Hoja ya madhara isipuuzwe. Mtu aliyezuliwa jambo mtandaoni huona uongo ukisambaa katika vikundi vya jamaa na kazini kabla hajapata nafasi ya kujitetea. Swali ni kama gereza linaurudisha uongo huo ulikotoka. Ufilipino ilikuwa tayari na ibara ya 33 ya Kanuni ya Madai, inayomruhusu aliyekashifiwa kudai fidia kwa kesi ya madai inayojitegemea. Mahali pa kuongeza nguvu palikuwa hapo: fidia ya haraka, masahihisho na haki ya kujibu.

5.0 Uzi Uliobaki

Mahakama ilisema kashfa ya mtandaoni si kosa jipya, bali ni lile la zamani katika chombo kipya. Waendesha mashtaka hawakulichukulia hivyo. Kwa kashfa ya zamani, mashtaka yalipaswa kufunguliwa ndani ya mwaka 1. Kwa kashfa ya mtandaoni walidai kwamba muda ni miaka 12, kwa kuwa adhabu yake ni kubwa zaidi. Kosa likawa la zamani lilipohitaji uhalali, na likawa jipya lilipohitaji makali.

Athari yake ilionekana katika kesi ya Maria Ressa, kiongozi wa chombo cha habari cha Rappler. Makala iliyolalamikiwa ilichapishwa Mei 2012, kabla sheria haijakuwapo. Mnamo Februari 2014 kosa la tahajia katika neno moja lilisahihishwa, na upande wa mashtaka ukadai kwamba masahihisho hayo yalikuwa uchapishaji mpya. Ressa na mwandishi wa makala hiyo walitiwa hatiani tarehe 15 Juni 2020. Mwaka 2021 Ressa alishiriki Tuzo ya Nobeli ya Amani, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliuthibitisha uamuzi huo na kurefusha adhabu.

Ilikuwa mwaka 2023 ambapo Mahakama ya Juu, katika mashauri mengine, iliamua kwamba faini peke yake inaweza kutosha kwa kosa hili, na kwamba muda wa kushtaki ni mwaka 1 tangu kashfa ilipogunduliwa. Miaka 9 ilikuwa imepita tangu uamuzi wa Disini.

6.0 Afrika Mashariki

Mwenendo huu haupo mbali nasi. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika shauri la Konaté dhidi ya Burkina Faso kwamba kifungo kwa kashfa kilikiuka uhuru wa kujieleza. Nchini Kenya, mnamo Februari 2017, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichoifanya kashfa kuwa jinai, ikisema kesi ya madai inatosha. Mwaka uliofuata, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ilipotungwa, kifungu chake cha 23 kiliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayechapisha, huku akijua, habari za uongo zinazoweza kumvunjia mtu heshima. Sharti la uongo na la kujua ni nafuu kubwa kuliko Ufilipino. Hata hivyo, kosa lililotolewa kwa mlango wa Kanuni ya Adhabu lilirudi kwa dirisha la mtandao, likiwa na adhabu nzito zaidi. Nchini Uganda, Mahakama ya Katiba ilibatilisha mnamo Januari 2023 kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta kuhusu mawasiliano ya kuudhi, kwa kuwa maneno yake hayakuwa na mipaka inayoeleweka.

7.0 Hitimisho

Upinzani wa umma ni tochi: humulika kinachoonekana. Waandamanaji wa Manila waliona hatari ya kufungiwa tovuti na ya kushtakiwa kwa kubonyeza alama ya kupenda, na mambo hayo yaliondolewa. Dhana ya nia mbaya, daraja la adhabu na ukomo wa muda vilikuwa ndani ya marejeo ya vifungu, mahali ambapo ni mtaalamu tu anayeingia. Hapo ndipo wajibu wa mtafiti na mshauri wa sera unapoanzia.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza kwamba kila mswada wa makosa ya mtandao upimwe kwa maswali manne. Je, kifungu kinarejelea sheria gani, na sheria hiyo inasema nini kwa ukamilifu? Je, adhabu inapanda kwa sababu ya madhara yaliyothibitishwa, au kwa sababu ya chombo kilichotumika tu? Je, muda wa kushtaki ni upi, na masahihisho ya makala huuanzisha upya? Na je, neno lililotumika linaadhibu uongo, au linaadhibu ufunuzi? Swali la mwisho linazihusu moja kwa moja nchi zinazotunga sheria kwa Kiswahili, kama Tanzania, ambayo tangu mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mwandishi wa sheria anayeandika kashfa pale alipokusudia masingizio anaweza kumpeleka gerezani mtu aliyesema kweli.